Daraja la Sydney: Henga au Pafu la Chuma?

Kila mwaka mpya unapoingia, wakati sisi huku pwani bado tumo katika jua la saa kumi za alasiri, televisheni hutuonyesha fataki zikilipuka juu ya daraja kubwa la chuma ambako usiku wa manane umekwisha kuwadia. Ni daraja la bandari ya Sydney, nchini Australia. Vijana wa baraza letu walipokuwa wakizitazama fataki hizo, mmoja wao alituuliza kama daraja hilo lina jina. Tukamjibu kwamba jina la serikali ni Daraja la Bandari ya Sydney, jina sahihi lakini lisilo na ladha. Kwamba wenyeji wamelipa lakabu mbili. Na kwamba moja kati ya lakabu hizo inajulikana duniani kote, ilhali ya pili imekaribia kuzikwa. Jibu hilo halikuwatosha wale vijana, na tulipofika nyumbani tukaona kwamba hata sisi halikututosha. Ndiyo sababu, ndugu msomaji, tunalirudia suala hilo leo kwa kirefu.

Lakabu ya kwanza ni Henga. Maana yake haina fumbo. Mtu akiwa ndani ya kivuko katikati ya bandari, akiinua macho, huliona tao la chuma limeinuka kutoka ukingo mmoja wa maji, likapanda hadi juu kabisa, kisha likateremka ukingo wa pili. Na chini ya tao hilo imepita njia ya magari, imenyooka, mfano wa kile kijiti cha chini cha henga ambacho watu hutundikia suruali. Kwa hiyo watu wa Sydney, ambao ni hodari wa utani, wakaliita Henga, na jina likakubalika. Leo limo katika vitabu vya watalii na nyuma ya kadi za posta.

Lakabu ya pili ni Pafu la Chuma, nayo inahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1928 huko Marekani ilianza kutumiwa mashine ya kuwasaidia wagonjwa wa polio ambao misuli yao ya kupumua ilikuwa imepooza. Mgonjwa alilazwa ndani ya sanduku refu la chuma, kichwa kikabaki nje, na hewa iliyomo sandukuni ikapunguzwa na kuongezwa kwa zamu, hata kifua chake kikawa kinainuka na kushuka bila yeye mwenyewe kukiamuru. Mashine hiyo iliitwa pafu la chuma. Haikuwa dawa ya maradhi. Kazi yake ilikuwa kumweka mgonjwa hai hadi hali ibadilike. Watu wa Sydney walipolipa daraja lao jina hilo, walikuwa wakisema kwamba mji wao ulikuwa mgonjwa, kwamba haukuweza tena kupumua wenyewe, na kwamba ujenzi wa daraja ndio uliowatia pumzi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule msukosuko mkuu wa uchumi ulioanza New York mwezi Oktoba 1929 na kuenea ulimwenguni kote. Australia iliishi kwa kuuza sufu na ngano katika nchi za nje, na bei za mazao hayo zikaporomoka, kama vile bei ya mkonge ilivyoporomoka huku kwetu katika miaka hiyo hiyo. Viwanda vikafungwa. Mikopo kutoka London ikakatika. Kufikia mwaka 1932, katika kila wanachama 10 wa vyama vya wafanyakazi nchini humo, karibu 3 hawakuwa na kazi. Ndipo katikati ya bandari ya mji huo kukawa na kazi moja kubwa ambayo mkataba wake ulikuwa umetiwa saini kabla ya balaa kuingia, na ambayo haikuweza kuachwa nusu. Kiasi cha watu 1,400 walikuwa wakila kutokana nayo, mbali na wake zao na watoto wao, na mbali na wenye maduka waliowakopesha unga na nyama kwa kutegemea siku ya mshahara.

Hata hivyo tusilitazame daraja hili kana kwamba lilijengwa kwa huruma. Fikra yenyewe ilikuwa ya zamani sana. Mwaka 1815 Francis Greenway, msanifu wa majengo aliyepelekwa Australia akiwa mfungwa kwa kosa la kughushi hati, alimshauri Gavana Lachlan Macquarie kwamba bandari hiyo ijengewe daraja. Zaidi ya miaka 100 ikapita. Watu wakaendelea kuvuka kwa vyombo vya majini, au kuzunguka mbali kwa nchi kavu. Hatimaye mhandisi John Bradfield, mzaliwa wa Queensland, alikabidhiwa jukumu hilo mwaka 1912, vita vikalichelewesha, na sheria ya kuidhinisha ujenzi ikapitishwa mwaka 1922. Tarehe 24 Machi 1924 zabuni ilitolewa kwa kampuni ya Dorman Long ya Middlesbrough, Uingereza, kwa bei ya pauni 4,217,721, shilingi 11 na peni 10. Tunazitaja peni hizo 10 kwa makusudi, maana hesabu iliyojua hata peni ilishindwa kujua bei halisi: hadi mwisho, gharama zilifika kiasi cha pauni milioni 6 na robo.

Kuna ugomvi wa miaka mingi kuhusu nani hasa aliyelibuni daraja hilo, Bradfield au Ralph Freeman, mhandisi mshauri wa kampuni iliyojenga. Wino mwingi umemwagika kwa ajili ya mabwana hao wawili. Sisi hatutaongeza tone.

Kabla ya chuma kupanda, nyumba zilishuka. Upande wa kaskazini peke yake, majengo yanayokadiriwa kuwa 469, ya kuishi na ya biashara, yalibomolewa ili kuipisha njia ya daraja, na waliokuwamo wakalipwa fidia ndogo au hawakulipwa kabisa. Upande wa kusini, mtaa wa kale wa The Rocks, makao ya mabaharia na makuli wa bandari, nao ulikatwa kipande. Kwa familia hizo, kazi hii haikuanza kwa kuwapa pumzi. Ilianza kwa kuwatoa katika nyumba zao pamoja na vyungu na magodoro, na yeyote aliyepata kushuhudia mtaa wake ukivunjwa kwa ajili ya barabara anajua uchungu huo bila ya kuelezwa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, kwani hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Ujenzi wa tao ulianza mwaka 1928, nusu moja kutoka kila ukingo. Kila nusu ilikuwa inaning'inia juu ya maji, imeshikiliwa nyuma kwa nyaya nene 128 zilizopitishwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa katika mwamba kwa umbo la kiatu cha farasi. Kreni zilitambaa juu ya kazi yao wenyewe, zikipachika kipande, zikasogea mbele, zikapachika kingine. Usiku wa tarehe 19 Agosti 1930, baada ya nyaya hizo kulegezwa kidogo kidogo, nusu mbili za tao zikagusana juu ya bandari. Upana wa maji ulioruka tao hilo ni meta 503, na kilele chake kiko meta 134 juu ya bahari. Chuma kilichotumika ni kiasi cha tani 52,800, ambazo 39,000 zimo katika tao pekee. Kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto, tao limekalishwa juu ya bawaba kubwa katika pembe zake nne, na siku za jua kali kilele chake huweza kupanda hadi sentimeta 18. Kwa hiyo waliosema kwamba daraja hili linapumua hawakukosea hata kwa upande wa ufundi.

Vipande vyote hivyo viliunganishwa kwa ribiti, yaani vile vijiti vinene vya chuma vyenye vichwa, ambavyo hutiwa tunduni vikiwa vyekundu kwa moto na kugongwa upande wa pili mpaka vipate kichwa kingine. Daraja lina ribiti kiasi cha milioni 6, na kubwa kuliko zote ilikuwa na uzito wa kilo 3 na nusu. Kila kundi la mafundi lilikuwa na mtu wa kuzipika ribiti katika tanuri, mtu wa kuzidaka, mtu wa kuishikilia upande mmoja, na mtu wa kuigonga kwa nyundo ya hewa upande wa pili. Mpishi aliitoa ribiti motoni kwa koleo akairusha hewani, na mdakaji, amesimama juu ya ubao au juu ya chuma kitupu, akaipokea kwa ndoo. Msomaji na afikiri: kipande cha chuma chekundu kinapita hewani, chini kuna bandari, hapana wavu wala kamba ya kujifunga. Kazi hiyo ilirudiwa asubuhi hadi jioni kwa miaka.

Watu 16 walipoteza maisha yao katika ujenzi huo. Jambo la kushangaza ni kwamba waliokufa kwa kuanguka kutoka juu ya daraja lenyewe walikuwa 2 tu. Wengine walipatwa na ajali karakanani, machimboni na katika njia za kuelekea darajani. Mfanyakazi mmoja alianguka mwaka 1930 kutoka urefu wa zaidi ya meta 50, akaingia majini, akatoka amevunjika mbavu lakini yu hai, na kisa chake kikawa hadithi ya mji mzima. Wengi zaidi waliumia kwa moto wa ribiti, na wengi katika hao waliozeeka walizeeka viziwi, kwa kuwa miaka ya kukaa ndani ya ule mlio wa nyundo ilikuwa imewaharibu masikio. Uziwi haukuhesabiwa miongoni mwa gharama za daraja.

Tusiwasahau wachonga mawe. Ile minara minne mirefu, yenye meta 89, inayosimama mbele na nyuma ya tao, msomaji akiitazama katika picha atadhani ndiyo inayobeba uzito. La, haibebi chochote cha tao. Iliwekwa ili macho ya watu yatulie, wasione tao linasimama peke yake. Mawe yake ya itale yalichongwa Moruya, mwendo wa kiasi cha kilometa 300 kusini ya Sydney, ambako wachongaji wapatao 250, Waaustralia, Waskoti na Waitalia, waliishi na jamaa zao katika kijiji kilichojengwa kwa ajili yao, na meli tatu zikaundwa mahsusi kwa kuyachukua mawe hayo. Kuna watu wanaocheka kwamba minara hiyo ni pambo tu. Mwenye familia iliyolishwa kwa pambo hilo katika mwaka 1930 huenda asicheke.

Na hapa yafaa tuseme ukweli mwingine, maana kusifu bila kupima si kazi ya gazeti. Pafu hili halikuipulizia pumzi Sydney peke yake. Karibu sehemu 4 kati ya 5 za chuma chake, asilimia 79, zilitoka Uingereza, na Middlesbrough nayo ilikuwa na njaa yake. Fedha nazo zilikopwa, na deni likabaki kwa watu wa jimbo la New South Wales. Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Jack Lang wa chama cha Labor, alisema mwaka 1931 kwamba riba za wenye hati za mikopo huko Uingereza zisimamishwe mpaka watu wake wapate chakula, na kauli hiyo ikamletea maadui wakubwa ndani na nje ya nchi.

Uadui huo ndio uliofika darajani siku ya ufunguzi, tarehe 19 Machi 1932. Umati wa watu, ambao makadirio yake ni kati ya 300,000 na milioni moja, ulikuwa umejaa kingo zote mbili za bandari. Lang alikuwa amekataa kumpisha mwakilishi wa mfalme. Aliazimia kuukata utepe yeye mwenyewe. Kabla hajaukata, mpanda farasi mmoja aliyevaa sare za kijeshi, Francis de Groot, mwuza samani mzaliwa wa Ireland na mfuasi wa kundi la mrengo wa kulia lililoitwa New Guard, alijitokeza na upanga akaufyeka. Polisi wakamshusha farasini. Utepe ukafungwa upya, Lang akaukata, na de Groot baadaye akatozwa faini ya pauni 5. Wiki nane hazikutimia, tarehe 13 Mei 1932, gavana wa jimbo akamwondoa Lang madarakani.

Kisa cha upanga husimuliwa mpaka leo, na hatukatai kwamba ni kisa cha kuchekesha. Tunachosikitikia ni kwamba mtu yeyote aliyewahi kusoma ukurasa mmoja juu ya daraja hili analijua jina la aliyekata utepe kwa upanga, na hamjui hata mmoja kati ya wale 16.

Tena lipo jambo ambalo visa vya ufunguzi huliruka. Daraja lilipomalizika, kazi ilimalizika. Mwezi Februari 1932 lilipimwa nguvu kwa kupangwa juu yake garimoshi za mvuke zipatazo 96, moja nyuma ya nyingine, na halikutetereka. Mwezi uliofuata likafunguliwa kwa vifijo. Lakini mwaka huo huo ndio mwaka ambao ukosefu wa kazi ulifika kilele chake. Mafundi walioonekana mabingwa wa taifa katika picha za magazeti wakashuka kutoka juu, wakaingia katika mstari ule ule wa kungojea posho ambamo jirani zao walikuwa wamesimama tangu miaka miwili nyuma. Mgonjwa alikuwa hajapona, na pafu limekwisha kuondolewa.

Kwa nini basi Henga imeishi na Pafu la Chuma limefifia? Wako watakaosema kwamba sababu ni moja tu: polio imedhibitiwa, mashine ile haionekani tena hospitalini, na utani usioeleweka hufa wenyewe. Sababu hiyo ina uzito. Lakini majina hayafi kwa lazima kitu chake kinapotoweka. Wasomaji wetu wa Unguja wanalo Darajani, ambako mkondo wa maji ulifukiwa na daraja halipo, na bado kila abiria hushuka Darajani. Sisi tunaona kwamba ipo sababu ya pili. Henga ni jina la mtu anayelitazama daraja kwa mbali, na idadi ya watazamaji huongezeka kila mwaka: tangu mwaka 1998 watu hulipa fedha nyingi ili wapandishwe hadi kilele cha tao, wakiwa wamefungwa mikanda ya usalama ambayo wajenzi hawakupewa. Pafu la Chuma ni jina la mtu aliyelihitaji daraja, naye hupungua kila mwaka.

Si kwamba daraja limekuwa la watalii tu. Tarehe 28 Mei 2000 watu wapatao 250,000 walilivuka kwa miguu kudai mapatano kati ya taifa hilo na wenyeji wake wa asili, ambao jamii zao za Gadigal upande wa kusini na Cammeraygal upande wa kaskazini zilikuwa na bandari hiyo kabla ya Greenway na kabla ya gavana wake. Mwaka 2022 bendera ya Waaborijini ilipandishwa juu ya tao ipepee hapo daima. Reli za tramu zilizokuwapo mwanzoni ziliondolewa mwaka 1958 ili magari yapate nafasi. Treni zingali zinapita, na watembea kwa miguu wanalo pito lao.

Limebaki suala la deni. Tangu siku za kwanza waliovuka walitozwa ada, peni 6 kwa motokaa na peni 3 kwa farasi na mpandaji wake, ili mkopo urudishwe. Ulirudishwa peni kwa peni, senti kwa senti, kupitia vita vikuu na kubadilishwa kwa sarafu ya nchi, hadi mwaka 1988. Ada haikufutwa hata hivyo. Iliendelea kutozwa kwa ajili ya matengenezo na kwa ajili ya njia ya chini ya maji iliyofunguliwa kando yake mwaka 1992. Mdaka ribiti aliyekuwa kijana wa miaka 25 siku de Groot alipochomoa upanga wake, kama alijaliwa umri, alikuwa na miaka 81 siku deni la daraja lake lilipokwisha.